Mpira wa Kusikilizia Majina

Nianze na aibu yangu ili tuimalize mapema. Masika moja yote, mimi mtu mzima mwenye cheti cha kidato cha nne, niliamini kwamba mpira wa daktari unasikia majina. Nasema ule mpira wa kupimia, wenye masikio mawili na kisahani cha baridi. Ukiwekwa kifuani kwa mwanamke, daktari anafumba macho, ananyamaza, na moyo unaanza kuwataja anaowawaza: mume kwanza, kama mume ana bahati, halafu wengine kwa vyeo vyao.

Habari hiyo alinipa kinyozi wangu wa mtaa wa Mwanga, hapa Kigoma, na mtu akikushika kichwa na wembe wake uko shingoni, humkatalii neno. Alisema mipira ya aina hiyo imekuja na misaada ya wakimbizi, pamoja na mablanketi na masufuria, na mmoja umeshafika zahanati ya karibu na kwetu Katubuka.

"Kule Ujiji kuna bibi alikwenda na kikohozi," akasema. "Kikohozi tu! Alirudi na kikohozi chake kilekile, lakini saa kumi jioni masanduku yake yako barabarani."

"Daktari alimwambia mume?"

"Daktari hasemi, mzee. Daktari anaandika."

Nikatoka pale na upara unaong'aa na roho nyeusi. Lakini nisimsingizie kinyozi. Wivu nilikuwa nao kabla yake. Yeye aliunyoa tu ukaonekana vizuri.

Cheti changu nilikipata kwa masomo ya jioni. Mchana nilikuwa mtunza ghala bandarini, ghala la mahindi na maharage ya wakimbizi, magunia yamepangwa juu mpaka njiwa wa darini walikuwa wanainama wakipita. Jioni natembea kwa miguu hadi Ujiji kusoma, na ninavyokumbuka mimi, ile njia ilikuwa na urefu wa kutoka Kigoma hadi Tabora, ingawa watu wenye baiskeli wanabisha. Somo nililolipenda kuliko yote ni baiolojia, na katika baiolojia kilichonivuruga ni moyo. Mwalimu aliuchora ubaoni akasema una vyumba vinne. Wenzangu waliandika. Mimi niliweka kalamu chini. Vyumba vinne! Kwa mke wangu nilikuwa na uhakika wa kimoja. Hivyo vitatu amepanga nani?

Mpangaji mmoja nilimjua. Alikuwa mwanamke, mkimbizi kutoka Burundi. Alishuka ufukweni Kibirizi mwaka ule watu walipokuwa wanakuja na mitumbwi, huyu na godoro kichwani, yule na mbuzi begani. Mke wangu alikuwa pale anaanika dagaa. Akamwona mwanamke amesimama tu, amelowa mpaka kiunoni, mkononi ameshika kifuniko cha sufuria. Sufuria lenyewe hana. Mke wangu akamwuliza kwa Kiha sufuria liko wapi, yule akajibu kwa Kirundi, na wote wawili, naambiwa, wakaangua kicheko palepale, mgeni huku anacheka huku machozi yanamtoka. Jioni nilimkuta anamenya muhogo uani kwangu. Alikaa miaka miwili.

Sasa, mke wangu ni Muha wa Simbo. Mimi nimezaliwa Ujiji kwa Wamanyema, Kiswahili ndicho nilichonyonya. Kiha najua salamu na matusi. Muha na Mrundi wanaelewana bila kutafuta maneno. Basi nikawa mgeni nyumbani kwangu. Wanaanika dagaa wanacheka, wanapika mawese wanacheka, wanachambua mchele, kitu kisicho na kichekesho hata kimoja, wanacheka. Nikiuliza mnacheka nini, mke wangu anafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Baba watoto, kwa Kiswahili haichekeshi."

Fikiria uchungu huo. Mimi niliyekuwa nachekesha ghala zima, makuli wakidondosha magunia wanashika mbavu! Nikaamua kushindana. Dereva mmoja wa malori akanifundisha kichekesho cha Kirundi, nikakikariri siku tatu, nikakitoa wakati wa chakula. Waliacha kula, wakanitazama kwa huruma. Kumbe nilikuwa nimesema jambo zito kuhusu miguu ya mama mkwe wangu.

Kisha likapita gari la matangazo. Wakimbizi wote wanaoishi mitaani wajiandikishe, waende kambini. Nilisikitika kwa mdomo. Nilimbebea mgeni wetu mkeka mpaka kwenye lori, na sijapata kubeba mkeka mwepesi kama ule. Kile kifuniko alimwachia mke wangu. Mke wangu alisimama barabarani mpaka vumbi la lori likatua. Hakulia. Mimi nikasema kimoyomoyo: haya, chumba kimekuwa wazi, nahamia.

Na hapa niseme jambo ambalo kinyozi hahusiki nalo. Malori ya mahindi ya kambini yalikuwa yanapakia ghalani kwangu. Wiki ya pili yule dereva akaniita pembeni.

"Kuna mama kule kambini anamsalimia mkeo. Anauliza, kifuniko kimepata sufuria?"

"Salamu zimefika," nikamjibu.

Na zilifika kweli. Zilifika ghalani, zikaishia hapo. Zikaja za pili, zikaja za tatu. Nilizipanga pamoja na magunia, nikafunga mlango. Niliona nikizipeleka nyumbani nitakuwa nimemrudisha mpangaji kwa mkono wangu mwenyewe.

Mwezi haukuisha, mke wangu akaanza kuumwa.

Kilianza kichwa. Alisema anajisikia amejitwika ndoo ya maji tangu asubuhi na hakuna wa kumtua. Maumivu yakashuka shingoni, yakaenda mgongoni. Halafu moyo ukawa unakwenda mbio yeye amekaa tu. Halafu vitu vinatembea chini ya ngozi kama siafu. Tumbo linajaa, miguu haina nguvu. Nilimletea samaki, mgebuka mnene kama mkono wangu, akauonja, akasema una ladha ya karatasi. Alikuwa macho kabla ya adhana ya alfajiri, nikigeuka namkuta ameketi kitandani, hafanyi kitu. Dagaa wa wenzake wanakauka mchangani, wake wanaoza ndooni.

Tulitibu kila kilichokuwa na jina. Malaria tulitibu mara nne, na zile klorokwini zikamwasha akawa anajikunia kwenye mwimo wa mlango. Tukatibu taifodi. Tukatibu vidonda vya tumbo. Presha ikapimwa, ikawa nzuri kuliko yangu. Mjomba wake akaja kutoka Simbo na mizizi yenye harufu ya kufukuza popo. Kabati letu lilijaa dawa mpaka jirani mwenye duka la dawa akaanza kutununia. Na kila aliyemtibu alitibu mahali alipopataja siku hiyo. Akisema mgongo, anapewa cha mgongo. Akirudi anasema kichwa, anapewa cha kichwa.

Ndipo akaletwa tabibu mpya, amehamishwa kutoka Tanga. Kwa cheti hakuwa daktari, lakini alivaa koti jeupe, na sisi si watu wa kubagua, tukamwita daktari. Shati lake lilipigwa pasi mpaka mkunjo wa mkono ungeweza kukata nyanya. Na Kiswahili chake! Mimi mtu wa Ujiji najivunia Kiswahili, lakini yule alikuwa anasema "pole, dada" na wagonjwa watatu wanapona kwenye benchi kabla hawajaitwa.

Mke wangu alikwenda, akarudi, akakaa mkekani.

"Yule daktari anasikiliza," akasema.

"Anasikiliza na nini?"

"Na nini tena? Na masikio."

"Na mpira je?"

"Na mpira pia."

Usiniulize nililalaje. Safari yake ya pili nilimfuata. Nilikaa mwisho wa foleni, kofia ya kuli mmoja wa ghalani imenifika puani. Mzee mwenye ngiri aliingia akatoka kabla sijakaa vizuri. Mama mwenye mapacha aliingia akatoka, mapacha wote wawili wamechomwa sindano. Akaingia mke wangu. Benchi zima likapiga miayo. Kuku wa jirani akataga, akatangaza, akachoka kutangaza, mke wangu bado yumo ndani.

Dirisha lilikuwa wazi nusu. Nikajisogeza kama mtu anayetafuta kivuli, nikachungulia. Kisahani kiko kifuani kwa mke wangu, juu ya kitenge, na daktari amefumba macho. Amefumba macho, jamani, kama nilivyoambiwa! Nikaona giza. Nilipopata kuona tena, mke wangu alikuwa anasema, taratibu, kwa Kiswahili, lugha ambayo kwake ni ya sokoni:

"Moyo wangu hauko kwangu. Umeondoka naye."

Naye! Nikawapitisha kichwani wanaume wote walioondoka Kigoma mwaka ule. Fundi wa reli aliyehamishiwa Dodoma. Mwalimu wa watoto aliyekwenda masomoni. Nahodha mmoja mwenye jino la dhahabu. Wote niliwaona wamekaa vyumbani, wamejinyoosha, wananywa chai.

Nesi akanikuta nimeshika nondo za dirisha.

"Wewe mzee, unaumwa nini?"

"Tumbo."

"Tumbo linapimwa dirishani? Kaa benchi!"

Nilitobolewa kidole, nikapewa na kikopo cha kwenda nacho chooni. Nilirudi nyumbani na kikopo mfukoni na lile neno "naye" moyoni.

Kwetu mgonjwa anakwenda zahanati na daftari lake mwenyewe, daftari la shule la kawaida, nyuma lina jedwali la kuzidisha. Humo ndimo daktari anamoandika, na mgonjwa analirudisha nyumbani. Kesho yake, mke wangu alipoingia kuoga, nikalitoa kabatini kati ya dawa. Kurasa za zamani zote zilifanana: kichwa, dawa; mgongo, dawa; malaria, wadudu hakuna, dawa. Lakini ukurasa wa mwisho ulikuwa umejaa hadi pembeni, Kiingereza kitupu, mwandiko wa kuku anayekimbia mvua. Nikachukua kamusi yangu ya masomo ya jioni. Nilipigana na ule ukurasa mpaka jasho likaanguka kwenye herufi, nikaokoa maneno matatu ambayo ningeweza kuyaapia mahakamani. Moyo. Rafiki. Arudi.

Hata asiyekwenda shule angeelewa. Daktari anajua jina la mtu, na anangoja arudi.

Nikaamua. Asubuhi inayofuata nakwenda zahanati, nalipata jina, na mchana mke wangu anarudi kwao Simbo. Kulipokucha nikashusha masanduku mawili kutoka juu ya kabati, nikayapanga mlangoni, makusudi, ayaone. Aliyaona. Nilitegemea kelele, nilikuwa nimejiandaa na maneno makali. Aliketi juu ya sanduku mojawapo, akanitazama kama mtu anayemtazama mtu wa mbali.

"Kama ni mimi ninayesafiri," akasema, "nisaidie kufunga. Mikono haina nguvu."

Nikasema nakuja, nikatoka na daftari kwapani.

Zahanati niliipita foleni yote. Watu wakapiga kelele, nesi akanishika shati, mimi ndani.

"Nitajie jina," nikamwambia daktari, hata salamu sikutoa.

"La nani, kaka yangu?"

"La mwanamume. Mpira umekutajia, umeliandika humu."

Nafikiri hayo ya mpira hakuyasikia vizuri kwa kelele za mlangoni. Alilichukua daftari, akaona ni la nani, akamwambia nesi afunge mlango.

"Kaa."

"Sikuja kukaa."

"Basi simama, lakini unijibu. Mkeo anaamka saa ngapi?"

"Kabla ya adhana."

"Anakula?"

"Anaonja."

"Mara ya mwisho umemsikia anacheka ni lini?"

Nilikuwa nimejaa majibu ya kila aina, lakini hilo nililijibu kweli kwa sababu lilinitoka lenyewe. Niliijua siku. Ilikuwa siku moja kabla ya lori kumchukua mgeni wetu. Walikuwa wanachambua mchele. Nilipolisema, nikakaa.

Daktari akafungua ule ukurasa ulionitoa jasho, akanisomea kwa Kiswahili, kidole kikifuata mstari. "Anasema moyo hauko kwake. Amepoteza rafiki wa karibu, mwanamke mkimbizi, amepelekwa kambini. Hali chakula, halali usingizi, hana hamu na kazi. Maumivu ya mwili mzima. Arudi baada ya wiki mbili." Nikamtajia maneno matatu niliyoyaokoa. "Neno lililokushinda, kaka, ni 'amepoteza'."

Kiswahili chetu kitamu, lakini ukisema "naye" hakisemi ni mwanamume au mwanamke. Suruali nilimvalisha mwenyewe.

"Sasa kichwa?" nikauliza. "Mgongo? Siafu?"

"Vinamuuma kweli, hadanganyi. Kuna huzuni ya kupita, na kuna huzuni inayokaa mpaka inakuwa ugonjwa, nayo inakaa mwilini. Mgonjwa hatakwambia nina huzuni. Atakwambia kichwa, moyo, tumbo. Nilipoona humu malaria mara nne na wadudu hakuna hata mara moja, nikaacha kumwuliza wapi panauma. Nikamwuliza kumetokea nini nyumbani."

Siku hizi nasikia redioni ugonjwa huo unaitwa sonona, na wanautaja kama kitu cha kawaida. Wakati ule nilikuwa sijapata kusikia kwamba huzuni inaweza kukaa kisogoni.

"Nilimwuliza pia kama anawaza kufa," daktari akaendelea. "Akasema hajafika huko, ila amechoka kuamka. Nimempa vidonge, vitachukua muda. Aje kila wiki mbili tuzungumze. Na asiachwe peke yake." Akafunga daftari. "Huyo rafiki yake, hakuna habari zake zozote?"

Nilitazama viatu vyangu. Niliona masanduku mlangoni kwangu na mke wangu amekalia moja.

"Zipo," nikasema. "Salamu tatu. Ziko ghalani."

Hakucheka, wala hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa nafuu.

"Basi zitoe huko."

Nyumbani nilimkuta bado yuko juu ya sanduku. Nikampa zote tatu kwa mpigo, na lile swali la kifuniko.

"Ya kwanza ilikuja lini?"

"Kabla kichwa hakijakuanza."

Akanitazama, na wivu wangu wote wa maisha haukuwahi kuniumiza kama lile tazamo. Akaenda jikoni, akarudi na kifuniko, anakifuta kwa kanga.

"Lori linaondoka saa ngapi?"

Kibali cha kuingia kambini tulikihangaikia siku nne, na kwa mara ya kwanza kazi yangu ya ghala ikawa na faida nyumbani. Nilimpandisha mbele, karibu na dereva, kifuniko mapajani. Nikamwonea wivu dereva kwa muda wa kona mbili, kisha nikajikemea. Alikaa kambini siku tatu.

Kwa tabia yangu ningesema alirudi anaruka kamba. Hakuruka kamba. Alirudi na kichwa kilekile na mgongo uleule, ila jioni hiyo alikula ugali, nusu ya matonge yangu, na nusu yangu si haba. Vidonge alimeza miezi mingi. Zahanati nilikuwa nampeleka mwenyewe na kumngojea kwenye benchi, bila kofia. Salamu za kambini nikawa nazipeleka moto moto, nyingine nikaziongezea chumvi, akawa anazijua zilizo zangu na kuzikataa.

Siku moja mchana tulikuwa uani tunachambua dagaa, yeye na mimi, kazi ambayo zamani nilisema si ya mwenye cheti. Nikaona ni wakati wa kuuliza kitu ambacho kilikuwa hakijanitoka kichwani.

"Lakini niambie kweli, mama watoto. Jina la mwenzio, ule mpira ulilitaja kwa Kirundi au kwa Kiswahili?"

Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Mpira upi?"

Nikamweleza yote: kinyozi, bibi wa Ujiji na kikohozi chake, kisahani, macho yaliyofumbwa, vyumba vinne na wapangaji wake. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kama alivyokuwa ameanza kujifunza kutoka kwa yule mtu wa Tanga.

"Mpira unasikia moyo unavyopiga, basi," akasema. "Alipomaliza kupima aliuvua, akauweka mezani. Halafu akaniuliza nani ameondoka, nikamwambia."